Kutu ya Kidole Gumba

Jeneza la Verlin Napier lingenyanyuliwa saa nane mchana. Saa tatu asubuhi Loretta Stidham alikuwa amesimama katika chumba alichofia mzee huyo, mikono kiunoni. Chumba kilikuwa chini ya nyumba. Juu yake, jikoni, wanawake wa kanisa walikuwa wanapanga mabakuli ya maharagwe na kuku wa kukaanga walioletwa na nusu ya watu wa bonde, na kila hatua yao ilisikika kwenye dari.

Habari yenyewe kaunti nzima ilishaijua. Jumatano jioni Verlin alikutwa sakafuni, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa jiko la chuma. Mezani trei zake za visu zilikuwa zimepangwa kama siku zote: visu vya kukunja vya mfukoni, vya viwanda vya Marekani ambavyo vingi vimefungwa zamani, kila kimoja kwenye kitanda chake cha mahameli ya kijani. Kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Kisu kilichokosekana kilikuwa cha kiwanda cha Laurel Fork, mabapa mawili, mpini wa pembe ya kulungu, kazi ya kiwanda kilichoungua moto kabla wazee wa sasa hawajazaliwa. Wakusanyaji wa visu walikuja kutoka majimbo mengine kukitazama tu, na Verlin aliwaonyesha huku amesimama begani mwao. Usiku uleule kisu kilipatikana kwenye pikapu ya mjukuu wake, Tolby, aliyeonekana na jirani akitoka uani kwa haraka mchana wa siku ile. Tolby alikuwa mahabusu. Jumatatu angesomewa shtaka la kuua.

Loretta hakuamini. Lakini yeye alikuwa mpelelezi wa kaunti, na hakulipwa mshahara kwa kutoamini.

Ngazi zililia. Bi Ozella Napier aliteremka polepole, nguo nyeusi, aproni juu yake, maana hata siku ya kumzika mumewe hakuweza kukaa bila kuosha sufuria.

"Una lolote, Loretta?"

"Bado, Bi Ozella."

"Leo Tolby ndiye alikuwa ashike jeneza upande wa kichwa. Babu yake alisema hivyo mwenyewe, kitambo. Sasa Hobert Sizemore, rafiki wa Verlin, atashika badala yake." Aliifuta mikono mikavu kwenye aproni. "Kanijia juzi, kakaa na mimi mpaka nikalala kitini. Mtu mwema sana. Lakini nataka mtoto wangu amzike babu yake. Hata kwa pingu. Niliomba hivyo kwa Sherifu, akanipigapiga bega."

"Nitajaribu."

"Usinijaribie. Niambie kama ni yeye au siye. Kama ni yeye, nitamzika Verlin leo na mwingine nitamzika moyoni. Lakini niambie."

Sauti haikupanda hata kidogo. Loretta aligeukia meza ili uso wake usionekane. Alivaa glavu, akachukua lenzi ya marehemu, akaanza upya na trei ya kwanza, kisu kimoja kimoja. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mwenzake yeyote wa ofisini angesema ni ya kupoteza muda. Alikifungua kila kisu, akalitazama bapa, akalinusa, akakifunga. Baba yake, Clell, alizoea kunusa visu vyake namna hiyo, na kwa kukosa la maana zaidi alimwiga.

"Alivitunza," alisema.

"Vizuri kuliko mke. Kila jioni baada ya chakula. Bapa la zamani likiguswa na kidole, jasho linakula chuma, ndiyo maana lazima lifutwe na kupakwa mafuta. Mafuta yake yalitoka duka la dawa, yale ya kulainisha choo, hayana harufu wala rangi. Mgeni akishika kisu, akiondoka tu, Verlin anakifuta upya."

"Hata kama mgeni amekifuta mwenyewe?"

"Wao kwa wao wanafuta kabla ya kurudisha, ndiyo adabu yao. Lakini kila mmoja ana mafuta yake na kila mmoja anayadharau ya mwenzake. Verlin hakulala na mafuta ya mtu mwingine kwenye visu vyake. Niliwahi kumwambia, ungenijali hivyo ningekuwa na sura ya msichana."

Alicheka kidogo, kisha akaziba mdomo kwa aproni kana kwamba amefanya kosa.

Loretta alikuwa ameshika kisu kilicholala jirani na kitanda kitupu. Mpini wa mfupa wa kahawia, bapa moja refu. Alinusa. Akanusa tena. Alikirudisha, akachukua kilichokifuata, akanusa, akarudi kwenye kile cha kwanza. Vyote vilivyotangulia havikunuka kitu. Hiki kilinuka mafuta ya cherehani.

"Bi Ozella, Jumatano Verlin aliongea habari ya mgeni?"

"Mimi nilikuwa kwa dada yangu tangu asubuhi. Hakusema. Lakini hao wakusanyaji hawapigi hodi, wanateremka tu hapa kama panya."

"Mfanyabiashara wa Cincinnati?"

Huyo Loretta alishamfuata kwa siku mbili. Alikuwa amemsumbua Verlin kwa simu mwaka mzima akiitaka Laurel Fork, na mtu wa namna hiyo anavutia macho ya polisi. Ilibainika kwamba Jumatano nzima alikuwa kitandani hospitali akitolewa mawe ya nyongo, na daktari na mke wake wa zamani walishuhudia, wa pili kwa furaha kubwa.

"Huyo hapana," Loretta alijijibu mwenyewe. Akakifunga kisu kile ndani ya mfuko wa karatasi, akaandika juu yake, akapanda ngazi.

*

Sherifu Burl Gentry alikuwa anafunga tai mbele ya dirisha la ofisi, tayari kwa mazishi.

"Mafuta," alisema. "Unataka nimwachie mtu kwa harufu ya mafuta."

"Nataka uniambie nani aligusa trei baada ya kufa kwa mzee."

"Hakuna. Kijana wetu wa alama za vidole alipitisha unga wake mezani na kwenye milango, hakupata kitu cha maana. Mipini ya mifupa haishiki alama. Tukamwita Hobert atutajie kilichopungua, maana nani mwingine angejua? Akatazama mara moja tu akasema Laurel Fork imeondoka."

"Alishika?"

"Nilimwambia aweke mikono mfukoni na akaiweka. Nilikuwa naye bega kwa bega. Loretta, usinitazame hivyo. Meza ilikuwa safi. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilicho wazi. Hakukuwa na mgeni. Mtoto aliingia, akachukua, babu akamkuta."

"Mwizi anachukua kimoja, halafu anakipaka mafuta kilicho jirani? Mgeni alikifuta kwa mafuta yake, na Verlin hakuishi kukifuta upya."

Sherifu aliiacha tai. Hakuwa mjinga, alikuwa mvivu tu, na siku za mazishi uvivu wake ulizidi.

"Nipe picha za Laurel Fork," Loretta alisema. "Za Jumatano usiku. Na kisu chenyewe."

Alizitandaza mezani. Picha zilikuwa kubwa na kali, sifa kwa kijana wa unga. Katika moja, bapa kubwa la Laurel Fork lilikuwa wazi, na karibu na ncha palikuwa na doa la kahawia la mviringo. Sherifu alidhani ni damu, maabara ikasema siyo, naye akalisahau. Loretta aliweka lenzi juu yake. Lilikuwa na mistari myembamba, imezungukana.

"Hii ni kutu," alisema. "Kutu iliyoota mahali pa kidole."

Alichukua karatasi ya alama za Tolby, akaiweka kando ya picha, akatazama huku na huku mpaka macho yakamuuma. Kidole gumba cha kulia. Kovu dogo lilikata mistari katikati, kwenye karatasi na kwenye chuma.

"Basi aligusa," Sherifu alisema. "Nilisema aligusa."

"Aligusa lini, bosi? Kutu haioti kwa saa mbili. Picha hii ilipigwa Jumatano usiku."

Hapo Sherifu alikaa.

*

Tolby Napier alikuwa na miaka ishirini na minne na mikono ya mtu aliyeanza kubeba marobota ya nyasi kabla ya kubalehe. Alisimama Loretta alipoingia, kama alivyofundishwa.

"Nirudie kuhusu kisu."

"Nilishasema, mama. Hawataki kuamini."

"Mimi niambie."

"Alinipa. Jumapili ya wiki mbili nyuma, baada ya chakula, bibi akiwa anaosha vyombo. Akaniomba senti moja, kama wanavyofanya, ili kisu kisikate undugu. Nikampa. Akaniambia nisimwambie mtu, maana wangenifuata mpaka kitandani wakitaka kukinunua."

"Kwa nini akupe wewe? Huvipendi visu."

"Ndiyo nilivyomwambia. Akasema amekaa nacho maisha yake yote na hakijakata hata uzi, na akitazama anaona aibu. Akasema nikitumie." Alitazama sakafu. "Nilikatia kamba za marobota. Nilimenyea tufaha. Nikakiweka kwenye ala ya ngozi niliyoishona mwenyewe."

"Ulikifuta?"

"Kukifuta na nini?"

Loretta alikuwa ameuliza makusudi, na jibu lilimtosha. Hakuna mkusanyaji duniani angeacha bapa lile bila kulifuta, na asiye mkusanyaji hafuti bapa kabisa. Mtu aliyekuwa mezani Jumatano hakuwa huyu.

"Na Jumatano?"

"Nilileta kuni. Nikapiga hodi, kimya. Nikadhani amelala. Nilikuwa nimechelewa kwa ng'ombe, nikaondoka." Aligeukia ukuta. "Ningeshuka chini, mama. Kila siku nawaza, ningeshuka."

"Kaa tayari," Loretta alimwambia. Hakuthubutu kuahidi zaidi.

*

Uwanja wa mahakama ulikuwa na mabenchi yake, na mabenchi yalikuwa na wenyewe. Wazee walikaa pale kila Jumamosi wakichonga vijiti vya mwerezi mpaka vikaisha, bila kutengeneza chochote, na kubadilishana visu kwa maneno machache na kukohoa kwingi. Siku hiyo walikuwa wamekwenda kujiandaa kwa mazishi. Alikuwa amebaki mmoja. Hobert Sizemore alikuwa amevaa suti nyeusi, viatu vimeng'arishwa, kofia imelala magotini.

"Binti wa Clell," alisema. "Kaa. Bado mapema kwenda kanisani, na nyumbani pamenishinda."

Loretta alikaa. Hobert alikuwa rafiki wa Verlin tangu shule. Walipigana vita pamoja, wakachimba makaa pamoja, wakaanza visu mwaka mmoja. Loretta alimpenda mzee huyu tangu utotoni, na aliketi kando yake akitamani harufu ile ya cherehani, aliyoijua kwa mzee huyu, iwe ya mtu mwingine.

"Nina swali la kitaalamu, Mzee Hobert. Sina mwingine wa kumuuliza."

Akatoa Laurel Fork kwenye mfuko wake, akaifungua, akampa.

Hobert hakuipokea mara moja. Alifuta viganja kwenye suruali, kisha akaishika kwa ncha za vidole. Jua lilikuwa juu ya bapa. Aliliona doa, na uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeonyeshwa kidonda cha mtoto.

"Nani amefanya hivi?"

"Kutu ya namna hiyo inachukua muda gani kuota?"

"Kwa hali yetu ya hewa, na mvua hizi?" Aliinamia zaidi. Akiulizwa habari ya kisu, alijibu habari ya kisu. Hakuwa na njia nyingine. "Imeshakula chuma. Siku kumi. Siyo chini ya hapo. Huyu aliishika, akaiacha. Na angalia, kaiweka kwenye ngozi, shaba ya ndani ya mpini imeanza kuota kijani. Siku kumi, binti, labda zaidi."

"Basi siku kumi nyuma ilikuwa imeshatoka kwa Verlin."

Hobert hakusikia, au alisikia akashindwa kujizuia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa koti. Ulitoka na kikopo kidogo cha bati. Alikifungua kwa kidole gumba, akatoa kipande cha flana, akaanza kufuta bapa, taratibu, kuanzia shina kwenda nchani, jinsi mama anavyofuta uso wa mtoto mgonjwa. Kutu haikutoka. Harufu ya mafuta ya cherehani ilimfikia Loretta pale alipokaa.

Alimwacha afute mara tatu, nne. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa mzee.

"Ni mafuta ya marehemu mkeo, Bi Icie?"

"Ya cherehani yake. Hayajaisha." Hobert aliutazama mkono uliomshika, halafu flana, halafu kikopo. Alikuwa mtu mwenye akili, na haikumchukua muda. "Kilikuwa kile cha mpini wa kahawia," alisema.

"Kile cha jirani."

"Nilikuwa nimekishika. Ndicho alichonipa nitazame tunaposubiri kahawa ichemke. Nikamwambia, Verlin, nionyeshe Laurel. Nimekuletea visu vyangu vitatu vizuri kuliko vyote, chukua, nipe kile kimoja, tumezeeka. Miaka yote aliniambia, siku nikichoka nacho ni chako. Wewe uliza mtu yeyote. Akanijibu, nimempa Tolby. Nikadhani anatania. Akasema mtoto anakatia kamba, na alicheka, Loretta. Alicheka kwa furaha."

"Ukamsukuma."

"Nilimsukuma aache kucheka. Jiko lilikuwa nyuma yake."

Njiwa walikuwa wanatembea kwenye ngazi za mahakama. Loretta alikuwa na hasira, na hasira ile ilichanganyika na huruma mpaka akashindwa kuzitenganisha.

"Ukaona Burl anamchukua mtoto."

"Nilisema moyoni watamwachia. Kila siku nilisema kesho nitakwenda. Juzi nilikwenda kwa Ozella nimwambie. Akanipikia."

"Mzee Hobert, daktari aliyeuchunguza mwili alinipa taarifa yake jana. Verlin hakufa palepale. Alipumua kama nusu saa."

Hobert alikifunga kisu. Alikifunga vizuri, bapa dogo kwanza, kubwa baadaye, bila kuyaacha yagonge, akakirudisha mikononi mwa Loretta.

"Ulipokuwa unakifuta kile kingine, alikuwa anapumua?"

Machozi yalimtiririka mzee na hakuyafuta.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa natazama kisu."

Loretta alisimama, akamshika kiwiko. Hobert aliinuka naye, kisha akashikilia mgongo wa benchi.

"Nina ombi moja. Niache nimbebe kwanza. Nilimwahidi Ozella nitamshika upande wa kichwa. Baada ya kaburi unichukue, sitakimbia, nitakwenda wapi?"

Alikuwa anasema kweli. Asingekimbia, na angelibeba jeneza lile vizuri kuliko mtu yeyote. Loretta alijua hivyo.

"Mahali pale pana mwenyewe," alisema.

*

Hakimu alitia sahihi amri ya kumwachia Tolby akiwa tayari na koti la mazishi. Hapakuwa na muda wa kutafuta nguo, kwa hiyo Sherifu Gentry alivua koti lake la suti, akampa Tolby bila neno, akaenda kanisani na shati tupu. Mikono ya koti ilimfika kijana kwenye vidole.

Walipofika, kanisa lilikuwa limejaa na wabeba jeneza watano walikuwa wamesimama mahali pao, wakitazamana, wakitazama saa. Upande wa kichwa palikuwa wazi. Tolby alipita katikati ya mabenchi akiwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemzuia, maana Loretta alikuwa nyuma yake. Alifika, akakunja mikono ya koti, akashika.

Bi Ozella alimwona, akafumba macho, midomo ikatingishika kwa shukrani. Alipoyafumbua, alimtafuta Hobert amkaribishe kando yake. Alitazama benchi la wabeba jeneza, akatazama mlango, akatazama upande wa wazee ambako kofia zote zilikuwa na wenyewe. Kisha akamtazama Loretta.

Loretta aliitikia kwa kichwa polepole kwamba ndiye, akainamisha macho.

Watu sita walijiweka sawa, wakavuta pumzi pamoja.

"Ngojeni," Bi Ozella alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi la mbele kwa mikono yote miwili. "Msimnyanyue bado. Ngojeni kidogo."